Mtu Mzima Anapoomba Ubatizo

Somo: Matendo ya Mitume 8:26-40



Kama unayo Biblia karibu, ifungue mahali hapo tulipotaja. Kama huna, sikiliza tu, kwa maana habari hii huielewa hata asiyejua kusoma. Mtu mkubwa wa serikali ya Ethiopia, mtunza hazina wa malkia, alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu. Ameketi garini mwake katika njia ishukayo Gaza, anasoma kitabu cha nabii Isaya kwa sauti. Filipo akakimbia, akalisogelea gari, akamwuliza kama anayaelewa hayo asomayo. Yule mkuu hakuona haya. Alisema hawezi kuelewa asipopata mtu wa kumwongoza, akamsihi Filipo apande akae naye.

Tuangalie neno hilo: apande akae naye. Filipo hakubaki chini kando ya njia akipaaza sauti. Alipanda, akaketi, wakasafiri pamoja, akaanzia pale pale mwenzake alipokuwa amefika katika kusoma. Leo tunataka kuongea juu ya watu wazima wanaokuja katika sharika zetu za Kilutheri kuomba ubatizo, na jinsi tunavyowapokea.

Kuna ndugu hutuuliza, "Mbona Filipo hakumwandikisha mtu huyu darasa? Walipofika penye maji alimbatiza siku ile ile. Ninyi mwamweka mtu miezi na miezi kwa idhini ya nani?" Swali hili si la mzaha. Twaweza kujibu kwamba Mwethiopia yule alikuwa amekwenda mbali tayari kabla Filipo hajamfikia. Amekwisha safiri hadi Yerusalemu, na Maandiko anayo mkononi. Wale 3,000 waliobatizwa siku ya Pentekoste nao walikuwa watu wa torati na manabii, na hata hivyo Luka anasema walidumu katika mafundisho ya Mitume baada ya kubatizwa. Lakini yule mlinzi wa gereza la Filipi hakuwa na Isaya mkononi, naye alibatizwa usiku ule ule, yeye na watu wake wote. Basi tusitunge sheria ya miezi ambayo Mitume hawakuitunga. Muda wa mafundisho ni jambo jema, lakini lazima tujue ni wa kazi gani.

Tazama inavyokuwa mara nyingi kwetu. Mwanamume mwenye watoto wanne anakuja kwa mwinjilisti baada ya ibada. Pengine ameoa Mkristo na mkewe amemwombea miaka mingi. Pengine ametoka kumzika mamaye, na maneno aliyoyasikia kaburini hayamwachi. Jina lake linaandikwa kitabuni, anaambiwa aje Jumamosi saa nane. Akifika anakuta darasa ni la watoto wa kipaimara. Anakaa katika benchi moja na vijana wa miaka 14, magoti yake yamemfika kidevuni, na mmojawapo ni mtoto wa jirani yake. Anaulizwa Amri ya Nne, anasahau, watoto wanacheka. Ikiwa ana moyo mgumu atavumilia mpaka mwisho. Atakariri, atabatizwa Pasaka, tutampiga picha amevaa suti. Ikifika Pentekoste, tazama mahali pake kanisani, hayupo. Nasi twasema kwamba watu wa siku hizi hawana imani ya kudumu!

Tusimseme mwinjilisti. Yeye ana mitaa mitatu au minne, na baiskeli yake ni mbovu. Kosa ni letu sisi wengine, tuliomwachia peke yake kazi ya usharika mzima.

Na kwa kuwa tumesema kosa ni letu, ni haki tuungame moja. Miaka kadhaa iliyopita tuliketi mezani, wazee wa kanisa na walimu, kuwasikiliza waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Miongoni mwao alikuwako mama mmoja mjane, mtu wa makamo ya bibi. Hakujua kusoma. Yote aliyoyajua aliyapata kwa sikio. Mjukuu wake alimsomea Katekisimo jioni karibu na moto, sentensi moja moja, naye akairudia huku akipepeta mahindi. Alisema Amri zote Kumi bila kukosea. Sala ya Bwana aliisema kwa namna iliyotunyamazisha. Tukaja kwenye Imani, sehemu ya tatu, ile ya Roho Mtakatifu, tukamwomba atoe maelezo yake kama yalivyoandikwa. Akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama pale pale. Mmoja wetu akamwambia kwa upole, "Mama, usijali, rudi nyumbani ujifunze vizuri, utakuja mwaka ujao." Akafunga leso yake, akasema, "Haya, walimu," akaondoka. Jumapili iliyofuata, katika ibada moja, tulimbatiza mtoto mchanga wa siku 40 ambaye hakujua kusema hata neno moja. Hakuna aliyeona ajabu.

Mama yule hakurudi darasani. Ilipita miezi mitatu kabla mmoja wetu hajaenda kumtazama, tena hakwenda kwa ajili yake. Alipita njia hiyo kwa shughuli nyingine. Akamwuliza, "Mama, mbona umetuacha?" Akajibu, "Mwalimu, mimi nilikuja kwa sababu niliitwa. Mliponirudisha nikafikiri, labda nilisikia vibaya."

Anayejua Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ameshaona kilichotupata. Maelezo ya sehemu ya tatu, yale yale yaliyomshinda mama huyu kuyakariri, yanafundisha kwamba mtu hawezi kumwamini Kristo wala kumjia kwa akili zake au nguvu zake mwenyewe, bali Roho Mtakatifu ndiye amwitaye kwa Injili. Mama alikosa maneno, lakini jambo lenyewe alikuwa nalo. Sisi tulikuwa na maneno.

Je, kukariri basi ni kazi bure? Hapana, na tusimsingizie Luther. Mwaka 1528 alizunguka katika sharika za Saksonia kuzikagua, akarudi na uchungu mwingi. Alikuta watu wa vijijini wasiojua chochote cha mafundisho ya Kikristo, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha, ingawa wote walikuwa wamebatizwa na kuishiriki Meza ya Bwana. Kwa sababu hiyo aliandika Katekisimo mbili mwaka 1529. Ile Ndogo, kabla haijawa kitabu, ilitolewa kwanza katika karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, kwa maana ilikusudiwa mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Luther alitaka maneno yashikwe neno kwa neno kwanza, ndipo maana yafuate. Tena alikuwa mkali: asiyetaka kujifunza asikaribishwe Mezani. Lakini alisema juu ya asiyetaka. Kati ya asiyetaka na asiyeweza kuna bonde kubwa, nasi siku ile tulilivuka bila kuliona. Luther mwenyewe, daktari wa Maandiko, aliandika kwamba kila siku anazisoma Amri na Imani na Sala ya Bwana kama mtoto, na kwamba anabaki mwanafunzi wa Katekisimo. Ni wangapi kati yetu tulioketi mezani siku ile waliokuwa wameifungua tangu kipaimara chao wenyewe?

Wapenzi wasikilizaji, jambo hili la kuwafundisha watu wazima halikuanza na Luther, wala halikuletwa kwa meli ya wamisionari. Kanisa la kwanza lilikuwa na jina kwa watu hao, wakatekumeni, neno la Kigiriki ambalo maana yake ni wanaofundishwa kwa mdomo na kusikia kwa masikio. (Mama yetu yule alikuwa mkatekumeni halisi!) Liko andiko la zamani la taratibu za kanisa, ambalo kwa desturi huhesabiwa kuwa la Hippolito wa Roma, wa mwanzo wa karne ya 3. Linasema mtu asikie Neno kwa miaka mitatu. Miaka mitatu! Lakini mara linaongeza kwamba akiwa na bidii, kipimo kisiwe muda, kiwe mwenendo wake. Ilipokaribia siku ya kubatizwa, swali lililoulizwa katika utaratibu huo lilihusu maisha yake tangu alipoanza kusikia: je, amewaheshimu wajane? Amewatembelea wagonjwa? Na aliyeulizwa ni yule aliyemleta. Yeye ndiye shahidi. Mtu hakuja peke yake kwa mwalimu na kuondoka peke yake. Alikuwa na mtu aliyemshika mkono tangu siku ya kwanza, aliyemjua nyumbani kwake na kazini kwake.

Karne moja na zaidi baadaye, hapa hapa barani Afrika, tunamwona Augustino. Alizaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Mama yake Monika alimwombea kwa machozi miaka mingi. Alibatizwa akiwa mtu mzima wa miaka 32, msomi, mwalimu wa ufasaha wa maneno, huko Milano, usiku wa Pasaka mwaka 387, na aliyembatiza ni Askofu Ambrosi. Hakushuka majini peke yake. Mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio walibatizwa pamoja naye.

Baada ya kurudi Afrika na kuwa askofu wa Hippo, Augustino alipata barua kutoka kwa shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias. Shemasi huyu alikuwa akiletewa watu waliotaka kusikia habari za imani kwa mara ya kwanza, naye alilalamika kwamba maneno yake yanamchosha yeye mwenyewe na wanaomsikiliza. Ni mwinjilisti gani asiyemwelewa! Augustino alimjibu kwa kitabu kizima, yapata mwaka 400. Alimwambia asimulie matendo makuu ya Mungu tangu uumbaji hata sasa, kwa namna ambayo msikilizaji aone kwamba anapendwa. Alimwonya asimfundishe msomi na mkulima kwa njia moja. Alimwambia atazame uso wa msikilizaji, na akimwona anapiga miayo, aseme neno la kumchangamsha, au ampe kiti aketi. Askofu mkubwa namna hii, ambaye vitabu vyake vinasomwa duniani kote, alifikiri juu ya miguu ya mtu aliyesimama muda mrefu. Sisi tulimpa baba wa watoto wanne benchi la watoto.

Lakini Augustino huyo huyo aliwafundisha wakatekumeni kuishika Imani kwa moyo. Kabla ya Pasaka walipewa maneno yake kwa kusikia, wakakatazwa kuyaandika, kisha siku ikafika wakayatamka mbele ya kanisa. Waliyachukua kama mtu achukuavyo zawadi, wakayarudisha kama mtu aimbaye pamoja na wenzake. Hayakuwa mtego wa kuwanasia wazee.

Jirani zetu wa Kilimanjaro wana jambo la kutufundisha. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mmoja aliyekuja baadaye, Bruno Gutmann, alikaa Moshi ya Kale miaka mingi. Aliwatazama Wachaga jinsi walivyowafunga vijana wao pamoja, kila mmoja kuwa ngao ya mwenzake, akaona si lazima kanisa lifute kifungo hicho. Akawapanga wanafunzi wa kipaimara katika vikundi vidogo vya wenzi wa ngao, wasaidiane katika mafundisho na katika maisha ya baadaye. Wako waliomlaumu kwamba aliuheshimu mno udugu wa damu na ukoo, na lawama hiyo ina uzito, kwa sababu ubatizo hutuunganisha na watu ambao si wa ukoo wetu. Hata hivyo aliona jambo ambalo darasa la Jumamosi haliwezi kutoa, nalo ni mwenzi.

Hapa Kenya kazi ya Kilutheri ni changa kuliko huko. Waswidi walianza Itierio, Kisii, mwaka 1948, na sharika nyingine zilitoka kwa ndugu zetu wa Tanzania. Lakini tumekwisha kuwa na wajukuu wa Wakristo, na kanisa lenye wajukuu husahau upesi jinsi ya kumpokea mgeni. Hilo limewapata hata walio mbali. Wakatoliki wa Roma walirudisha utaratibu wa wakatekumeni mwaka 1972, na Walutheri wa Amerika Kaskazini wakatoa vitabu vyao vya utaratibu huo mwaka 1997, walipoona watu wazima wanakuja kwao bila kujua hata Sala ya Bwana.

Sasa tufanyeje sisi tusio na fedha za vitabu? Kwanza tumwulize mtu anayekuja, kwa utulivu, nini kimemleta, na tusikilize jibu mpaka mwisho. Filipo alianza kwa swali. Aliyetoka kumzika mamaye anasoma ukurasa wake, na hapo ndipo pa kuanzia. Mafundisho ya ufufuo yasingoje sura ya tano kwa sababu kitabu kimepangwa hivyo. Kisha apewe mwenzi. Asiwe mwalimu, wala asiwe lazima mzee wa kanisa. Awe mtu wa rika lake, wa jinsia yake, anayekaa njia moja naye, mwenye maombi na mwenye sifa njema kijijini. Kazi yake si kufundisha somo. Aje naye kanisani, amwonyeshe wimbo uko wapi kitabuni, aketi naye, amwelezee kwa nini tunasimama sasa na kuketi sasa. Amtembelee akiugua. Amchukue siku anapokwenda kumwona mjane, ili naye ajifunze kwa mikono. Mjini, ambako mtu anakaa katika chumba kimoja na hamjui jirani, mwenzi wa namna hiyo ni zaidi ya kitabu.

Tena darasa la watu wazima liwe na saa yake. Mkulima anajua saa anazopumzika, na mwenye kibanda sokoni anajua siku isiyo ya soko. Tuwaulize. Na wakutane nyumbani, ikiwezekana. Kumbukeni Apolo, mhubiri hodari wa maneno, mwenye nguvu katika Maandiko. Kulikuwa na pungufu katika elimu yake, naye hakuaibishwa mbele ya sinagogi. Prisila na Akila, mke na mume, mafundi wa kushona mahema, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Je, katika usharika wako hakuna Prisila na Akila?

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni wiki zile za baada ya ubatizo. Yerusalemu, katika karne ya 4, waliobatizwa usiku wa Pasaka walirudi kanisani juma lile lote, wakafundishwa maana ya maji waliyoyapitia, na ya mkate na kikombe walivyopokea kwa mara ya kwanza. Kwetu sisi, siku ya ubatizo darasa limekwisha, mwalimu amepumua, kitabu kimefungwa. Wakati mtu ana maswali mengi kuliko wakati wowote, hana wa kumwuliza. Rafiki zake wa zamani wanamwita kilabuni, ndugu zake wanamngoja kwenye tambiko, naye hajui la kujibu. Hapo mwenzi wake asifunguliwe kazi yake. Aendelee naye mpaka Pentekoste, na zaidi.

Mwajiuliza yaliyompata mama yetu. Tulimwendea, wazee wawili na mwinjilisti, tukamwomba radhi nyumbani kwake. Alitupikia chai. Hatukumwuliza Katekisimo. Mwinjilisti alimsomea polepole yale maelezo yaliyomshinda, na alipofika pale pa kuitwa na Injili, mama akainua mkono kumsimamisha, akasema, "Basi ndivyo! Mbona hamkuniambia kwamba ni hayo?" Alibatizwa Jumapili ya Pentekoste. Mjukuu wake alisimama kando yake akiwa na kitabu mkononi, na mama alipoulizwa kama anamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, alijibu kabla mchungaji hajamaliza swali.

Tuombe. Bwana Yesu, tunawataja mbele zako wote walioandikishwa mwaka huu katika sharika zetu, na hasa wale wanaokaa nyuma kabisa wakiona haya. Unawajua kwa majina. Wapelekee mtu wa kupanda na kuketi nao. Na wale tuliowarudisha nyumbani, utuonyeshe mlango wao kabla ya Jumapili. Amina.